Mpogoleaji na Mti wa Ukutani

Mti ule uliota ukutani, juu kidogo ya mfereji wa bati wa ghala moja nyuma ya Soko Kuu la Arusha. Ndege alikula tini kwingine, mbegu akaiacha pale. Ni mtini wa jamii ambayo Wamaasai huiita oreteti, na kawaida yake ni kuanza maisha juu ya mgongo wa mwingine. Mwaka 1981 fundi alipoletwa kuziba nyufa, mama mwenye duka, Mhindi mzaliwa wa hapa hapa mjini ambaye nilikuwa kijana wake wa kazi, alikataza usitupwe. Mizizi ilikuwa imelala bapa kwa kubanwa na ukuta, na yeye alikuwa na kitabu cha Kiingereza kuhusu bonsai, miti inayofugwa midogo kwenye vyungu bapa, kilichosema mizizi bapa ni bahati.

Vyungu bapa havikuwepo madukani. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya foleni. Tulilaza debe la mafuta, tukalipasua kwa urefu, tukatoboa matundu kwa msumari. Udongo ulikuwa changarawe nyeusi ya mlimani iliyopita kwenye chekecheke, ikachanganywa na maganda ya kahawa yaliyooza.

Shida ilikuwa kalenda. Kitabu kiliandikwa kwa watu wenye theluji: punguza mti ukiwa umepukutisha majani, badili udongo baridi ikiisha. Mtini wa Arusha haungoji theluji. Ndipo mama akamtafuta mzee mmoja wa Akheri, Mmeru, aliyepogolea kahawa kwenye mashamba ya Tengeru mpaka akastaafu. Mzee alikifunua kitabu, akatazama picha moja baada ya nyingine bila kusema kitu, kisha akauliza, "Mama, huyu aliyeandika anapata masika mwezi gani?"

Kuanzia hapo tukafuata kalenda yake. Mkato mkubwa Januari na Februari, kama kahawa inavyopogolewa baada ya mavuno, ili masika yaukute mti uko tayari kuchipua. Mizizi isiguswe Juni wala Julai, Meru anapojifunika wingu siku nzima na watu mjini wanavaa masweta. Debe hubadilishwa udongo Septemba jua likirudi, na vuli huja kumalizia.

Lakini mkasi wake ulikuwa mwoga, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Kwenye mbuni, tawi la ubavuni likishaondolewa shinani halirudi tena mahali pake. Kinachotoka ni maotea yanayopanda juu tu. Mpogoleaji aliyelelewa na kahawa huhesabu kila tawi la ubavuni kama mtaji. Mtini ni kinyume: ukate shina, maziwa yamwagike, na baada ya wiki chache vichipukizi vinatokea hata kwenye kovu. Mama alikuwa akikata kama mtu anayefyeka njia, mzee anafumba macho. Mwaka wa pili alianza kuamini. Mwaka wa tatu yeye ndiye aliyekuwa akimsukuma mama akate zaidi: achia chipukizi lipande mpaka shina linenepe, kisha likate fupi, chagua jingine la upande wa pili, lipande tena. Hivyo shina likapata mapindo, nene chini na jembamba juu, bila kupindwa na mtu.

Waya wa kupindia matawi mzee aliuchukia mpaka mwisho. Mimi nilitumwa kwa wasuka mota kuomba vipande vya shaba, nikavichoma kwenye mkaa vilainike. Mtini hunenepa upesi. Ukisahau waya kidogo, umeshazama kwenye gome. Mzee akaleta kamba ya katani, akavuta matawi chini na kuyafunga kwenye ukingo wa debe. Kwa maoni yangu alikuwa sahihi, ingawa picha za kitabuni zote zilikuwa na waya.

Waligombana kweli mara moja tu, Januari ya mwaka aliofariki Waziri Mkuu Sokoine. Kitabu kilisema vua majani yote ili yanayofuata yawe madogo. Kwa mzee, mti usio na majani ulikuwa na kutu, ugonjwa wa kahawa uliomsumbua maisha yake yote, na akataka kwenda kutafuta mrututu wa kuupulizia. Mama alivua mwenyewe, jani moja moja, akiacha vikonyo. Aprili, wakati mji mzima ukiomboleza na magari yakielekea Monduli mazikoni, debe lile lilikuwa limejaa majani ya nusu ya ukubwa wa mwanzo. Mzee aliyapima kwa kidole, akasema tu, "Haya."

Kazi iliyobaki ilikuwa mizizi ya kuning'inia. Mama alikuwa ametupeleka kwenye Hifadhi ya Arusha kuuona ule mtini mkubwa wenye tao, ambao gari hupita katikati yake. Mizizi yake iliteremka kutoka juu na kushikana yenyewe kwa yenyewe, kwa kuwa mitini ikigusana muda mrefu huungana na kuwa kitu kimoja. Mzee aliuzunguka mara kadhaa. Siku iliyofuata alikuja na mabua ya majani ya mpapai, yale yenye uwazi ndani. Aliyapasua, akajaza kuvumwani mbichi, akauingiza mzizi mwembamba kama uzi, akalifunga bua na kulisimamisha mpaka kwenye udongo. Ndani ya unyevu ule mzizi uliteremka wakati wenzake wa nje wakikaushwa na upepo wa mlimani.

Mwaka 1989 mama alihamia Leicester, Uingereza, kwa binti yake. Mti haukuwa umefika hata gotini, na uliachwa kwetu. Barua yake ya kwanza ilikuwa maswali matupu: majani mmevua? Mizizi imeungana? Nilikaa na kalamu, mzee akanitamkia jibu. "Andika: Salaam mama. Tao la kushoto limeshikana. La kulia nimelikata, lilikuwa linafuata kitabu."