UA LINALOHITAJI BARIDI

Ndugu msomaji, yako maua yanayopandwa ili kupendezesha ua wa nyumba, na liko moja linalopandwa ili kulinda usingizi wa walio ndani. Jina lake ni pareto. Ukitaka kulijua kwao, funga safari ya Nyanda za Juu Kusini katika majuma ya mwisho ya kipupwe, mwezi wa Agosti, wakati mkazi wa Dar es Salaam anapoufurahia upepo mwanana na mwenzake wa milima ya Uporoto anapoota moto jikoni.

Usisahau koti. Barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu huikwea milima hiyo hadi Isyonje, na hapo njia nyingine huchepuka kushoto kuelekea Kitulo na Makete. Uwanda wa Kitulo uko kiasi cha meta 2,600 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wameuita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 ulifanywa Hifadhi ya Taifa hasa kwa sababu ya maua yake. Lakini maua hayo ya porini husubiri mvua, nayo huchanua kwa wingi kati ya Novemba na Aprili. Mwezi wa Agosti utakuta nyasi zilizokauka, na asubuhi nyingine umande ulioganda, yaani sakitu, umezifunika kama chumvi.

Mgeni aweza kudhani kwamba nchi yote imelala. Hakika haijalala. Ndiyo majuma ambayo mkulima wa pareto anayetaka kupanda kwa mvua za kwanza huandaa kitalu chake. Miche huhitaji kukaa kitaluni miezi mitatu hadi minne, kwa hiyo mvua za mwisho wa Novemba hutaka mbegu iliyosiwa Agosti. Mbegu zenyewe ni ndogo mno. Udongo hulainishwa, mbegu hufukiwa kidogo tu, na tuta hutandazwa nyasi ili unyevu usipotee na sakitu isiunguze machipukizi. Maji huchotwa bondeni na kumwagiliwa kwa mkono, huku vidole vikifa ganzi. Hakuna mtu anayelipwa senti moja kwa kazi hiyo ya kipupwe. Malipo yatakuja maua yatakapochumwa.

Huenda ukajiuliza: kwa nini watu wasiende kulilima ua hili kwenye joto, wakaepukana na taabu? Jibu ni kwamba ua lenyewe halikubali. Pareto huhitaji usiku wa baridi, chini ya nyuzi 16 za Sentigredi hivi, kwa majuma kadhaa ndipo lifanye vitumba. Lipande Morogoro au Pwani, nawe utavuna majani matupu. Ndiyo maana makao yake ni nchi za juu, kuanzia meta 1,700 hivi na kuendelea: Umalila, Uporoto, Makete, na sehemu za Mufindi. Baridi inayomtesa mkulima ndiyo inayomletea ua.

Likichanua, ni jeupe lenye kitovu cha manjano. Wachumaji, wengi wao akina mama, hupita shambani kila baada ya majuma mawili au matatu, wakichagua yaliyofunguka na kuyaacha machanga. Hawachumi umande ukingalipo, kwa maana ua lililolowa huvunda kapuni. Kisha huyaanika. Kilo nne au tano za maua mabichi hutoa kilo moja tu ya makavu, ambayo husafirishwa hadi kiwandani Mafinga, ikakamuliwe dawa.

Dawa hiyo, pirethrini, iko zaidi katika vijimbegu vya kile kitovu cha manjano. Humlevya mbu na kumwangusha kwa dakika chache, na haimdhuru sana binadamu. Tena jua huivunja upesi, isibaki kwenye mazingira. Asili ya mmea ni Dalmatia, katika pwani ya Kroatia ya leo. Wajapani waliotengeneza dawa ya mbu ya kuchoma mwishoni mwa karne ya 19 waliitengeneza kwa unga wa ua hili. Baadaye wanasayansi waliiga umbile la pirethrini viwandani. Permethrini iligunduliwa Uingereza mwaka 1973. Dawa nyingi zilizotiwa katika vyandarua vyetu ni za ukoo huo wa kuigwa.

Hapo ndipo penye jambo la kufikiri. Dawa za kuiga ni rahisi na hudumu juani, nazo zilipoenea, soko la ua lilitikisika. Mkulima ambaye bei haimlipi jasho lake hang'ang'anii pareto: hupanda viazi mviringo kwenye shamba lilelile. Na hawezi kurudi kwa siku moja, maana mche uliong'olewa leo ni kitalu kipya kipupwe kijacho. Wakati huohuo mbu wa sehemu nyingi za Afrika wamekuwa sugu kwa dawa zilizotiwa katika vyandarua. Pareto peke yake haitamaliza vita hivyo, lakini si busara kuipoteza silaha mojawapo kwa kutojali.

Basi, msomaji, utakaponunua dawa ya wadudu, soma maandishi ya kwenye kopo uone kama imetokana na pareto. Ikiwa ndiyo, itumie kwa uangalifu: usiipulize juu ya chakula, wala karibu na maji yenye samaki au mzinga wa nyuki, kwa kuwa hao huwaua. Na usiku ukilala bila mlio wa mbu sikioni, mkumbuke mama wa Uporoto anayemwagilia tuta lake asubuhi ya sakitu. Baridi yake ni sehemu ya usingizi wako.