Maili 14,000 kwa Baiskeli: Safari ya Mume na Mke katika Bara Hindi

Kazi ya baiskeli haihitaji kuelezwa kwa watu wa nchi hii. Mkulima huitumia kupeleka gunia la mahindi sokoni, karani huipanda kwenda afisini, na mwalimu hufunga vitabu vyake nyuma ya kiti. Kila mtu aliyewahi kufunga mzigo juu ya baiskeli anajua kwamba ratili 20 zilizo nyepesi asubuhi huwa nzito mno ifikapo saa nane mchana, hasa njia ikiwa ya mchanga na upepo ukivuma usoni. Wazee walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yaani, asiyeubeba hawezi kuujua uzito wake. Methali hiyo inafaa kukumbukwa katika kusoma habari za mume na mke, watu wa Marekani, ambao tangu mwaka 1897 walisafiri kwa baiskeli katika nchi tambarare za Bara Hindi.

Mume aliitwa William Hunter Workman. Alizaliwa mwaka 1847, na kazi yake ilikuwa udaktari. Mkewe, Fannie Bullock, alizaliwa mwaka 1859 katika nyumba ya watu wenye mali; baba yake alipata kuwa Gavana wa Jimbo la Massachusetts. Walioana mwaka 1882. Miaka saba baadaye daktari aliacha kazi kwa sababu ya afya yake, wakahamia Ujerumani. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyeitwa Rachel na mwana aliyeitwa Siegfried. Lakini mwaka 1893 yule mwana, akiwa bado mtoto mdogo, alishikwa na mafua makali na kichomi, akafa. Baada ya msiba huo wazazi hawakukaa tena nyumbani kwa muda mrefu. Ni vigumu kusema mtu mwingine anabeba nini moyoni mwake, lakini ni wazi kwamba safari zao ndefu zote zilianza baada ya kaburi lile.

Wakati huo baiskeli ilikuwa kitu kipya. Zile za zamani zilikuwa na gurudumu kubwa sana mbele na dogo nyuma, na aliyeanguka alianguka kutoka juu kama mtu aliyeteleza mtini. Mwanamke aliyevaa nguo ndefu hakuweza kuzipanda kabisa. Mwaka 1885, katika mji wa Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alitengeneza baiskeli yenye magurudumu mawili karibu sawasawa, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akaleta mpira wa kujazwa pumzi. Kwa mambo hayo mawili baiskeli ikawa kama hii tunayoijua, na Bibi Workman aliweza kuipanda akiwa amevaa sketi yake ndefu.

Walisafiri kwa baiskeli katika Algeria, kisha katika Hispania mwaka 1895. Katika Hispania walikwenda maili 2,800, na kwa wastani walikata maili 45 kila siku. Siku nyingine walifika 80. Kila mmoja alikuwa na baiskeli yake, na kila mmoja alifunga juu yake mzigo wa ratili 20. Hapakuwa na mmoja wa kubeba na mwingine wa kwenda mikono mitupu.

Mwishoni mwa mwaka 1897 walianza safari yao kubwa kuliko zote. Mume alikuwa na miaka 50, na mke 38. Walipitia kisiwa cha Ceylon, ambacho siku hizi huitwa Sri Lanka, wakavuka mpaka ncha ya kusini ya Bara Hindi, wakapanda kuelekea kaskazini mpaka chini ya milima ya Himalaya, mwendo wa maili zipatazo 4,000. Walifika na Burma, na kisiwa cha Java. Kwa jumla safari hiyo ilichukua muda wa miaka miwili na nusu, na maili 14,000. Mtu akitaka kuujua urefu huo, na afikiri njia ya reli ya kutoka Mombasa mpaka Kisumu: ni karibu sawa na kwenda na kurudi mara kumi na mbili.

Mizigo yao ilikuwa ya watu waliokwisha kufundishwa na njia. Walichukua majani ya chai, sukari, biskuti, jibini, nyama ya mikebe na maji ya kunywa. Walichukua mito ya kulalia, blanketi moja kwa kila mtu, vifaa vya kuandikia, dawa, na vyombo vya kutengenezea baiskeli. Hayo ndiyo yote. Kila kitu kilichoongezwa kilipaswa kusukumwa kwa miguu kutwa nzima, kwa hiyo kila kitu kilipaswa kutoa sababu ya kuwapo.

Watu wengi hudhani kwamba nchi tambarare ni rahisi kwa baiskeli. Ni kweli kwamba hapana vilima, lakini hapana kivuli vilevile, wala hapana mteremko wa kumpumzisha mtu. Anayesafiri tambarare hukanyaga pedali tangu alfajiri mpaka jioni, na mbele yake huona njia ile ile imenyooka mpaka macho yanachoka. Mito mingi ya huko wakati wa kiangazi hubaki mchanga mtupu, na mwenye baiskeli yenye mzigo hana budi kushuka na kuisukuma. Tena ziko nchi kubwa za Bara Hindi zilizojaa miti ya jamii ya mgunga, ambayo miiba yake yajulikana sana hapa kwetu.

Imeandikwa kwamba siku nyingine walitengeneza pancha hadi 40 kwa siku moja. Msomaji aliyewahi kuziba pancha jua likiwaka na ahesabu mwenyewe. Kwanza hufunguliwa mizigo, baiskeli ikapinduliwa. Mpira wa nje hutolewa, wa ndani ukavutwa, tundu likatafutwa, pakakwanguliwa, pakapakwa gundi, gundi ikangojewa ikauke, kiraka kikatiwa, pumzi ikajazwa, na mizigo ikafungwa tena. Fundi hodari hutumia labda robo saa. Hata kama matundu kadha huzibwa pamoja, kazi hiyo humaliza nusu ya siku. Na mtu aliyebaki na kiu, njaa na maili 20 mbele yake hutafuta wa kulaumiwa, na aliye karibu ni mwenzake. Wala si ajabu. Marafiki wengi waliogombana safarini waligombana kwa jambo dogo kuliko mwiba. Lakini hawa wawili walitoka kusini wakafika kaskazini pamoja, na walipoandika kitabu cha safari hiyo, kilichotolewa mwaka 1904, walitia majina yao yote mawili.

Usiku haukuwa wa raha sikuzote. Walishika njia zilizo karibu na reli ili wapate chakula, na waliokosa mahali pa kulala walilala katika vyumba vya kungojea abiria stesheni. Kulikuwa na panya, na mbu walikuwa wengi. Inafaa kukumbuka kwamba mwezi wa Agosti mwaka ule ule wa 1897, Daktari Ronald Ross akiwa Secunderabad, katika Bara Hindi hiyo hiyo, aliona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Mpaka siku zile watu wengi walimhesabu mbu kuwa msumbufu tu, wala hawakujua kwamba analeta homa.

Sifa zao ni kubwa, lakini si haki kueleza sifa peke yake. Bibi Workman alikuwa mtu wa elimu, naye alizijua hadithi kuu za kale za Wahindi. Alitaka kuyaona mahekalu yao, na mahekalu ndiyo yaliyojaza kitabu chao. Watu waliokuwa hai walipata nafasi ndogo kuliko mawe yaliyochongwa na babu zao. Na watu wale walikuwa katika taabu kubwa. Njaa kali ilikuwa imewapiga mwaka 1896 na 1897, ikawapiga tena mwaka 1899 na 1900. Tauni ilikuwa imeingia Bombay mwaka 1896. Katika miaka ile ile maelfu ya watu wa Punjab waliacha mashamba yao wakaja kujenga reli ya kutoka Mombasa, na wengi wao hawakurudi. Mpanda baiskeli huenda polepole kiasi cha kuweza kumwamkia kila mtu njiani. Lakini kwenda polepole na kuona si jambo moja.

Tena walipofika milimani waliziacha baiskeli, wakavuka kwa miguu vipito vya kimo cha futi 14,000 mpaka 18,000. Huko hawakubeba wenyewe. Walibebewa na wapagazi. Na huko ndiko matata yalikoanza. Katika safari zao za milimani waligombana na wapagazi mara nyingi, wakawaona wavivu na wakaidi. Walioujua vizuri uzito wa ratili 20 juu ya magurudumu hawakuujua uzito wa mzigo wa mtu anayepanda barafu akiwa na nguo haba. Hapo methali ya wazee ilitimia.

Lilikuwako pia lile binti, Rachel. Wazazi walipokuwa njiani yeye alikuwa katika shule za bweni na mikononi mwa walezi. Alikua akawa mwanamke mwenye elimu kubwa ya miamba na madini. Mama yake alipata heshima nyingi: alipanda milima mirefu, na mwaka 1905 alitoa hotuba katika chuo cha Sorbonne, Paris. Alipokufa mwaka 1925 aliacha fedha kwa vyuo vinne vya wanawake. Mumewe alimfuata mwaka 1937. Lakini miaka ya utoto wa binti haikurudishwa na heshima yo yote, kwa maana safari ya mtu mmoja mara nyingi hulipiwa na mwingine aliyebaki nyumbani.

Basi, yako mambo mawili ya kujifunza. La kwanza ni jema, nalo ni kwamba mume na mke wanaweza kushika njia moja, kila mmoja na gurudumu lake na mzigo wake, na wakafika. Hata leo si ajabu kumwona mume akienda mbele juu ya baiskeli, na nyuma yake mkewe akitembea kwa miguu, na mzigo wa kuni mgongoni. Huenda mume huyo ni mtu mwema asiyewahi kujiuliza. Na ajaribu siku moja kuufunga mzigo ule juu ya keria, asukume mwenyewe mpaka nyumbani. La pili ni onyo. Kushirikiana na mwenzi wa nyumbani hakumtoshi mtu. Yuko na mpagazi, yuko na kibarua wa shambani, yuko na mtoto aliyeachwa mlangoni. Mizigo yao nayo huonekana myepesi kwa asiyeishika. Anayetaka kujua uzito wake na aweke mkono wake chini ya mzigo, ainue kidogo, kabla hajasema neno.