Bustani ya Kiangazi

Nilishuka kwenye basi Nachingwea mwezi wa Julai na begi moja, godoro, na barua ya kupangiwa kazi ya ualimu. Mimi mtoto wa Dar es Salaam, mboga kwangu zilitoka sokoni, basi. Nyuma ya nyumba niliyopanga palikuwa na uwanja mtupu, mkavu, udongo wake mgumu kama sakafu. Nikasema moyoni, hapa nitakula nyanya zangu mwenyewe.

Nikanunua jembe na mbegu. Nikainua matuta marefu, mazuri kweli, kama yale ya bustani ya shule. Kila siku saa saba mchana nikitoka kazini namwaga ndoo tatu, na maji yenyewe nanunua kwa dumu. Mchicha ulichomoza, nikacheka peke yangu kama mwehu. Baada ya wiki mbili wote ulikuwa umelala chini. Nyanya hazikutoka hata moja. Usiku ule nikaandika barua ya kuomba uhamisho, nikaificha ndani ya daftari.

Jirani yangu alikuwa bibi mmoja Mmwera, aliyeolewa hapa akitokea Ruangwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hayo maji unamnywesha nani? Jua?"

Nilikasirika, lakini nilikaa chini kumsikiliza. Tuta la kuinuka ni la masika, alisema, mvua isiozeshe mizizi. Kiangazi unachimba, kitanda kinazama, unatia samadi ya mbuzi na kufunika kwa majani makavu. Maji ni jioni, tena hata yale ya kuoshea mchele.

Kumbe sikuwa wa kwanza kuja hapa na haraka zangu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Walileta matrekta, wakajenga reli. Mwaka 1951 waliuacha, mamilioni ya pauni yamekwisha, karanga hakuna. Mimi angalau nilipoteza ndoo tu.

Agosti Bibi alifiwa na kaka yake, nikamsindikiza msibani Ruangwa. Njia nzima nyasi zilikuwa kahawia, zimeungua. Lakini mashambani mbaazi zilisimama kijani, zimejaa maganda. Nikashangaa. Bibi akaniambia zilipandwa mvua zilipoanza, mizizi ikaenda chini taratibu, sasa inakunywa kule ambako jembe langu halifiki.

Tulipokuwa tunarudi alifungua pindo la khanga, akanimiminia mbegu kiganjani. "Hizi usiguse mpaka mvua."

Usiku nikahesabu kwa vidole. Mvua ni Desemba. Kupanda Desemba, kuvuna Agosti. Mwaka mzima! Barua ipo kwenye daftari, mbegu zipo mezani, na viwili hivyo haviwezi kukaa nyumba moja. Nilikaa hadi taa ya chemli ikaanza kuishiwa mafuta.

Barua sikuipeleka.

Mchicha wa vitanda vya kuzama nilikula kabla ya mvua kunyesha. Na Agosti iliyofuata nilijaza mfuko wa mbaazi, nikampa kondakta wa basi amfikishie mama Dar. Mama akajibu kwa barua: zimeiva vizuri, mwanangu, lakini umezinunua bei gani?