Huyu Mtoto Atalala Wapi Leo?

Nilianza kazi ya ustawi wa jamii mwaka 1999, katika mji mdogo ulioota kandokando ya Reli ya Kati, na nilistaafu simu za majirani zikiwa bado zinaniamsha usiku. Nimeona wizara ikibadilishwa jina na kurugenzi yetu ikihamishwa, fomu zikiongezeka, pikipiki zikija na kuharibika. Badiliko ninalolithamini kuliko yote ni la swali moja. Zamani, mtu alipokuja kusema kwamba mtoto wa jirani anaumizwa, jambo la kwanza aliloulizwa lilikuwa, "Una ushahidi gani?" Siku hizi afisa aliyefundwa vizuri huuliza, "Huyo mtoto yuko wapi sasa hivi, na yuko na nani?" Ilichukua karibu miaka 20 kutoka swali lile hadi hili, na watoto wengi walipita hapo katikati.

Nilipoajiriwa, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilikuwa bado changa. Tuliisoma katika chuo chetu cha ustawi wa jamii, Kijitonyama, kwa matumaini makubwa: kubaka, kifungo kisichopungua miaka 30, mtoto akiwa chini ya miaka 10, kifungo cha maisha. Kwa maandishi, serikali ilikuwa imeshasema neno lake. Mtaani taarifa ilipita njia nyingine kabisa. Mama aliyeona damu kwenye nguo ya mwanawe alikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe alimwita mwenyekiti. Mwenyekiti aliwaita wazee wa pande zote mbili, na ikiwa mtuhumiwa ni ndugu, wazee walikuwa wa upande mmoja. Mimi nilipopata habari, mara nyingi ilikuwa sokoni au msibani, wiki kadhaa baadaye. Nikifika nyumbani kwao nilikaribishwa vizuri, nikapewa kigoda na chai, kisha mzee wa ukoo akasafisha koo: "Mama ustawi, tunakushukuru kwa kutujali. Hili tumeshalimaliza."

Kulimaliza kulikuwa na namna zake. Palikuwa na pesa, palikuwa na mbuzi, na kwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo, pengine palikuwa na ndoa na mtu yuleyule. Mtoto alipelekwa kwa bibi yake mkoa mwingine, "akapumzike." Polisi wakifungua jalada, shahidi mkuu hayupo, mama yake hakumbuki, na jalada linafungwa kwa kukosa ushahidi. Wale wazee hawakuwa watu wabaya. Nimekaa nao miaka mingi na kula nao. Walijua kwamba baba au mjomba akifungwa miaka 30, kuna nyumba itakayokosa unga, na kuna ukoo utakaonyooshewa vidole kisimani. Walipiga hesabu, na katika hesabu ile alikuwamo kila mtu isipokuwa mtoto.

Aliyekataa kuyamaliza nyumbani alikutana na mambo mengine. Kituoni aliisimulia habari ya mwanawe kwenye kaunta, mbele ya aliyeibiwa baiskeli na aliyekuja kumwekea ndugu dhamana. Alipewa fomu ya polisi namba 3, ile PF3, na bila karatasi hiyo hospitali zilisita hata kumgusa mtoto. Kama fomu zimekwisha, au mwenye ufunguo wa kabati yuko lindo, alisubiri. Daktari akaandika, kisha naye akaanza kuogopa kuitwa mahakamani. Na mtoto alisimulia tena: kwa mjumbe, kwa mwenyekiti, kwa afande wa zamu, kwa mpelelezi, kwa daktari, kwangu, kwa mwendesha mashtaka. Katika kila kituo kulikuwa na mtu mzima aliyemtazama usoni kupima kama anasema kweli.

Mahakamani nilipaogopa zaidi. Sheria ya 1998 ilikuwa imeruhusu mtuhumiwa atiwe hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake, kama hakimu ameridhika kwamba anasema kweli. Lakini kabla ya kufika hapo, mtoto mdogo alipaswa kupimwa kama anaelewa maana ya kiapo. Nimeshuhudia mtoto wa darasa la pili, viatu havigusi sakafu, akiulizwa na mtu mzima aliyevaa suti kiapo ni nini na asemaye uongo hufanywa nini. Alinyamaza. Alikuwa akimtazama baba yake wa kambo aliyekaa hatua chache kutoka pale. Na hata waliojibu vizuri hawakuwa salama: kesi nyingi zilizoshinda zilikuja kuanguka kwenye rufaa kwa sababu hakimu hakuliendesha jaribio lile ipasavyo au hakuliandika kwenye kumbukumbu za mahakama. Mtu alitoka gerezani kwa kosa la hakimu, akarudi mtaa uleule. Mwaka 2016 kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kilirekebishwa. Sasa mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ilimradi aahidi kuieleza mahakama ukweli na kutosema uongo. Ahadi hiyo mtoto wa miaka 7 anaielewa. Nilipoisoma niliitoa nakala, nikaibandika ukutani ofisini.

Lakini nimeruka mbele. Mageuzi yalikuwa yameanza nyuma ya hapo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, namba 21. Watu wengi wanaijua kwa kusema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Mimi nilikipenda kifungu cha 95, kinachompa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa wajibu wa kuipeleka kwa serikali ya mtaa wake. Kinasema ushahidi au taarifa. Jirani hatakiwi tena kuwa mpelelezi. Amesikia kilio cha aina moja kila baba mwenye nyumba anaporudi, ameona mtoto wa kazi hatoki nje wiki nzima, basi aseme, na waliosomea kuchunguza wachunguze. Nilikifundisha kifungu hicho vijiweni, kanisani, msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kwenye vikao vya vicoba. Hoja yangu ilikuwa moja: kutoa taarifa si kumfunga mtu.

Mwaka huohuo wa 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema wamepata kufanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana, ilikuwa takriban 1 kati ya 7. Karibu robo tatu ya wote, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au mijeledi, na wengi wao walipigwa na wazazi, ndugu au walimu. Nilizisoma namba hizo kwenye mkutano wa kata. Kwa wasichana, watu walitikisa vichwa. Nilipofika kwa wavulana, ukumbi ulipoa. Mzee mmoja aliinuka akasema, kwa heshima zote, kwamba hao watakuwa watoto wa Dar es Salaam. Hakuna aliyemjibu, lakini mkutano ulipokwisha wanaume watatu walinifuata, mmoja mmoja, kila mmoja na habari yake ya utotoni ambayo mkewe haijui.

Ndiyo maana nataka kueleza habari ya mtoto wa kiume. Nimebadilisha mambo kadhaa ili yeye na wake wasitambulike. Alikuwa darasa la nne, hodari wa hesabu, akaanza kusinzia darasani na kukataa kurudi nyumbani kengele ikilia. Mwalimu wake wa malezi hakumwita ofisini mbele ya wenzake. Alimwomba amsaidie kubeba madaftari, wakakaa chini ya mwarobaini, mahali wanapoonekana lakini hawasikiki. Akamwambia, "Naona siku hizi nyumbani hupendi kurudi." Kisha akanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikomfungua mtoto. Alimtaja baba yake mdogo, aliyehamia kwao baada ya kupunguzwa kazini.

Mwalimu yule alifanya mambo ambayo tulikuwa tukiyafundisha kwenye semina na kuyaona kwa nadra. Hakuuliza "alikufanya hivi?" wala "alikufanya vile?", maana mtoto hujibu ndiyo ili amridhishe mkubwa, na wakili atalikumbuka hilo. Hakuapa kwamba itakuwa siri yao. Alimwambia, "Nimekusikia, mwanangu. Kosa si lako. Siwezi kulificha, nitamwambia mtu ambaye kazi yake ni kukulinda, nami nitakuwa nawe." Akaandika maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, na saa. Hakumpigia baba wa mtoto simu, kwa sababu mtuhumiwa alikuwa ndani ya nyumba ileile, na onyo la saa mbili lingetosha kumtorosha au kumtisha mtoto anyamaze. Alimpigia mtendaji wa kata, kisha mimi.

Kituo cha polisi hatukusimama kaunta. Dawati la Jinsia na Watoto lilikuwa na chumba chake, na askari wa kike aliyevaa gauni la kawaida, naye akatutanguliza hospitali. Miongozo ya sasa inataka tiba itangulie, na sababu yake haina mjadala: dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita zinapungua nguvu. Ninapokumbuka akina mama waliosubiri PF3 siku mbili, moyo huniuma hadi leo.

Kazi ngumu ilikuja jioni. Kwa desturi ya zamani tungemwondoa mtoto, na mkosaji angebaki na kitanda chake. Mtoto anayeondolewa hupoteza shule, marafiki na mama kwa siku moja, na hujiona kwamba yeye ndiye aliyeadhibiwa. Tulimkuta mama yake amekaa kizingitini. "Shemeji ndiye aliyekuwa akituuzia mahindi," aliniambia. "Mume wangu yuko safarini, dada, nitamwambia nini?" Nilimwambia kwamba usiku ule hahitaji kumwambia mtu yeyote chochote, polisi wameshamchukua shemeji, mwanawe atalala kwenye kitanda chake, na dada yake kutoka mtaa wa pili atalala nao. Asubuhi tungezungumza na mume, na tulizungumza naye, kwa shida. Wazee walikuja na lugha yao ileile. Safari hii mama alikuwa na watu nyuma yake: mwalimu, mtendaji, afande wa dawati, mimi. Mtoto hakupelekwa kwa bibi. Alibaki shuleni, kesi ikasikilizwa faragha, na alitoa ushahidi wake hadi mwisho.

Mengine yalifuata upesi: namba 116 ambayo mtoto au jirani anaipiga bure, kisha, kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, mpango wa kitaifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na kamati zake hadi ngazi ya mtaa na kijiji. Baadhi ya kamati hizo zinafanya kazi nzuri ajabu, nyingine zipo kwenye daftari la mahudhurio tu.

Taarifa zilipoongezeka, lilizuka jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria vya kutosha. Mama mmoja aliripotiwa kwa kuwafungia watoto ndani kila alfajiri. Tulipokwenda tulikuta muuza maandazi anayetoka saa kumi usiku kwenda kukaanga stendi, na hana wa kumwachia. Afisa mwenye haraka angeandika "utelekezaji" na kumtisha kwa sheria. Tuliyemtuma alikaa naye, wakampata bibi wa jirani wa kulala na watoto kwa malipo ya sukari na mafuta ya taa, na jina lake likapelekwa kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini. Umaskini una makali yake kwa mtoto, lakini dawa yake si kumnyang'anya mama. Taarifa ile ilikuwa ya haki na jirani aliyeitoa alifanya vema. Uzuri wake ulitegemea mtu aliyebisha hodi.

Ninapokaa na wahudumu wapya wa jamii, kila mara yuko mmoja anayeuliza, "Na nikikosea, mama? Nikimharibia mtu jina?" Swali zuri. Namjibu kwa utaratibu: usitaje jina kijiweni, usiliandike kwenye kundi la WhatsApp, usimkabili mtuhumiwa, usimpige picha mtoto. Andika ulichokiona na ulichokisikia, si ulichokiwaza, kipeleke kwa afisa ustawi au dawati leo hii, si baada ya wikiendi. Ukifanya hivyo na ikaonekana hakuna kitu, walioijua habari ni watu wasiozidi watano waliofungwa na maadili ya kazi, na hakuna jina lililoharibika. Majina huharibiwa na minong'ono ya wale walioshindwa kuripoti.

Kinachonikosesha amani sasa ni usiku. Ziko kata nyingi zisizo na afisa ustawi wa jamii, na afisa wa wilaya hana mafuta ya gari baada ya saa kumi na moja jioni. Nyumba salama ni chache na ziko mbali. Familia za kuaminika, zile zinazokubali kumpokea mtoto kwa siku chache wakati mambo yanachunguzwa, zinawalisha kwa mifuko yao wenyewe. Ninazijua. Mojawapo ni ya fundi cherehani na mkewe, ambao wameshawahi kuamka usiku wa manane kumpokea mtoto asiye na hata kandambili. Tangu nistaafu nimeungana na wenzangu kadhaa kuandika ombi kwa halmashauri kila msimu wa bajeti: fungu dogo la usafiri wa usiku, na posho ya chakula kwa familia hizo. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, diwani wetu amekubali kulisimamia mwenyewe mbele ya baraza la madiwani. Tumempa barua, hesabu, na orodha ya kata zisizo na afisa, na kila mwanakamati wa mtaa wetu ametia sahihi.