Chai na Ndagala Mtaani Jabe

Mgeni aingiaye Jabe, mtaa wa Bujumbura ulio jirani na Buyenzi, aghalabu huipata njia ya sokoni kwa pua. Harufu ya ndagala waliokaushwa kwa jua humlaki mapema, ikifuatiwa na ile ya mawese na ya maandazi yaivayo. Tangu soko kuu la mji lilipoteketea kwa moto tarehe 27 Januari, 2013, masoko ya mitaani yamezidi kuwa tegemeo la wenye kipato kidogo.

Humo vitu vingi hununuliwa kidogo kidogo: kikombe cha ndagala, fungu la nyanya, mawese ya kupikia mara moja. Mwenye duka kubwa atasema kwamba hiyo ni hasara, maana kilo nzima ni nafuu kuliko vikombe vingi. Hesabu yake ni sahihi. Lakini mama ambaye fedha zake ni za siku moja hawezi kununua chakula cha mwezi. Tena kitamu kikiwekwa ndani huliwa kabla ya wakati wake. Kikombe humsaidia kuizuia mikono ya nyumbani, pamoja na wake mwenyewe.

Ujuzi mkubwa zaidi ni wa kuutazama mwezi. Wavuvi wa ziwa Tanganyika huwavua ndagala usiku kwa kuwavuta kwa mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazifui dafu, mitumbwi hupumzika na samaki huadimika. Kwa hiyo mama mwangalifu hununua zaidi wakati wa giza, akawahifadhi wakavu. Mukeke, kipenzi cha Bujumbura, yeye hungoja siku ya mshahara, na hata siku hiyo huangaliwa sana kabla ya kuulizwa bei.

Linaloshinda hekima yote hiyo ni sukari. Burundi hulima chai yake katika milima ya Teza na Rwegura, na miwa katika bonde la Moso, kusini-mashariki. Hata hivyo mwaka 2024 sukari iliadimika nchini na walanguzi wakaipandisha bei. Wapo waliowalaumu wanywaji wa chai kwamba wanataka anasa. Lawama hiyo si ya haki. Mtu aliyeacha nyama, akaacha bia, akatembea kwa miguu ili aokoe nauli, akinyang'anywa na kikombe cha chai tamu atabakiwa na nini cha kumfanya arejee nyumbani kwa furaha?

Wengine hukaza tangawizi ili ukali wake uufiche upungufu. Wengine huinywa kavu, wakauachia utamu kwa andazi. Na wapo wasioweza kabisa. Jioni, mbele ya birika, muuzaji huuliza vijiko vingapi. Mteja huzigusa sarafu mfukoni.

"Kimoja, mama," husema, kisha, kijiko kikiisha kuzama, "na nusu."