Lidice, Kijiji Kilichokataa Kufutika

Yapata kilomita 20 kaskazini-magharibi ya Prague, katika Jamhuri ya Cheki, liko bonde la majani mabichi. Mgeni asiye na habari atalidhania malisho. La hasha! Hapo ndipo kiliposimama kijiji cha Lidice, makazi ya wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya mji jirani wa Kladno.

Mei 1942, wakati nchi hiyo imo mikononi mwa Wanazi, mtawala wao Reinhard Heydrich alishambuliwa mjini Prague, akafa tarehe 4 Juni. Kisasi kikaangukia Lidice kwa tuhuma zisizo na ushahidi. Tarehe 10 Juni wanaume 173 walipigwa risasi katika shamba la familia ya Horák. Wanawake wakapelekwa kambi ya Ravensbrück. Watoto 82 wakauawa kwa gesi huko Chełmno. Kisha nyumba, shule na kanisa vikachomwa na kulipuliwa, makaburi yakafukuliwa, na hata kijito kikageuzwa mkondo.

Mimi ni mzazi, na habari ya watoto wale hunitoa machozi. Lakini linalonifikirisha zaidi ni yale makaburi na kile kijito. Wafu wa zamani walikuwa na kosa gani? Dhalimu hakutosheka na roho za watu. Alitaka hata ardhi isahau.

Ardhi haikusahau. Mwaka uleule wa 1942, vitongoji vya Marekani na Mexico vilijiita Lidice. Vita vilipokwisha walirejea wanawake 143 na watoto 17. Kijiji kipya kilijengwa kando, na bonde likaachwa wazi. Leo mna kaburi la pamoja la wanaume, misingi ya kanisa na ya shamba la Horák, na bustani ya waridi iliyofunguliwa mwaka 1955 kwa miche iliyotoka nchi nyingi. Mna pia sanamu za shaba za watoto 82, wasichana 42 na wavulana 40, kazi ya Marie Uchytilová. Yeye alifariki mwaka 1989; mumewe akaikamilisha.

Wazazi wenzangu, tuwatajie watoto wetu majina ya vijiji tulikotoka, na nani amezikwa wapi. Lidice imesalia kwa sababu waliobaki hawakuacha kuitaja.