Drili ya Meza Hainunuliwi kwa Macho

Wadau, drili ya meza ya bei nafuu, ile ya kusimama unavuta mpini inashuka, haina ubaya. Ubaya ni kuichagua kwa rangi na nguvu iliyoandikwa kwenye boksi.

Huku Shela mzigo kama huo unapanda basi, halafu boti toka Mokowe, halafu punda. Ukifika mbovu, kuurudisha ni safari ile ile kwa pesa yako. Ndo maana mimi hupima dukani, kwa mkono.

Kwanza nashusha kichwa kinachobana biti, nakitikisa kushoto kulia. Kikicheza, naaga. Pili, umeme ukiwa umezimwa, nafunga biti mpya na kuizungusha polepole. Ncha ikichora duara badala ya kukaa pale pale, tundu litakuwa pana kuliko biti. Tatu, nakandamiza meza yake. Ikibonyea, tundu litakwenda mshazari. Mwisho naomba iwashwe, nisikilize kama inakwaruza. Mwenye duka akisema usiguse, ushapata jibu lako.

Fundi kijana hapa analipwa kwa usahihi. Tundu moja la mshazari kwenye ubao wa mvule, ubao umekwenda na mteja kaenda.

Wazee walitoboa mbao za majahazi kwa keke ya uta, bila umeme. Unyoofu ulikuwa mikononi mwao. Wewe unalipia mashine ikushikie huo unyoofu. Isiposhika, umelipia nini?